Kuchinja gari moja kuokoa jingine: maswali ya wenye Corolla za zamani Lubumbashi

Corolla za miaka ya 1990 bado zinabeba watu Lubumbashi, kutoka Katuba hadi Ruashi, na nyingi zinatembea kwa vipuri vilivyong'olewa kwenye Corolla nyingine. Majibu haya yanahusu zaidi vizazi viwili, E100 iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1991 na E110 iliyoifuata mwaka 1995, kwa sababu ndivyo vinavyoulizwa kila siku. Starlet, Vitz na IST zinatajwa pale zinapogusana na habari yenyewe. Nimetumia majina ya gereji zetu: kuchinja ni kung'oa vipuri vya gari moja kwa ajili ya jingine, moteri ni injini, bwate ni giaboksi, ambreyaji ni klachi, kulasi ni silinda hedi, amotiseri ni shokapu. Fundi wa Dar es Salaam au Nairobi ataelewa, hata kama atacheka kidogo.

Ninunue gari zima la kuchinja, au kipuri peke yake?

Kama unabadilisha kitu kinachosimama peke yake, yaani demareri (stata), alteneta, radiateri, mlango au kioo, nunua hicho kimoja na uende nyumbani. Kama ni moteri, bwate au breki, tafuta gari zima, au angalau nusu ya mbele iliyokatwa ikiwa na kila kitu chake.

Sababu ni vitu vidogo. Muuzaji wa moteri ya okazio, yaani iliyokwisha tumika, anakutajia bei ya moteri, nawe unaona ni bei nzuri. Ukifika gereji unagundua braketi ya alteneta haipo. Bomba la maji la nyuma ya kulasi limekatwa. Nyaya zimekatwa karibu kabisa na soketi, kwa hiyo hata kuziunga ni shida. Kompyuta ya moteri imeuzwa kwa mtu mwingine wiki iliyopita. Boliti za supoti, yaani vishikio vya moteri, ni za urefu mwingine. Kila kimoja kina bei yake, na kila kimoja kinakupotezea siku ya kuzunguka mjini ukiulizia, gari likiwa limefunguliwa kifua na fundi amekwenda kwenye kazi nyingine. Mwisho wa hesabu, vidogo hivyo vinaweza kupita bei ya moteri yenyewe.

Ukiwa na gari zima uwani, boliti unayoitafuta imelala palepale. Unaweza pia kutazama jinsi waya ulivyopita na bomba lilivyokaa kabla ya kufungua. Ukimaliza, unauza kilichobaki: milango, viti, rimu, vioo, hata ganda kwa wanunuzi wa vyuma. Mji huu hauna chuma kinachokosa mnunuzi.

Gari la kuchinja lililo zuri ni lipi?

Lililogongwa nyuma na bado linawaka. Unaliwasha, unasikiliza, unaingiza vitesi, unaliacha lipate joto, halafu ndipo unajadili bei. Lililogongwa mbele linafaa kwa milango, viti na ekseli ya nyuma, lakini moteri yake ichunguze supoti, puli na bloku.

Ogopa lililopinduka. Moteri iliyoendelea kuzunguka miguu juu imezunguka bila oili, na beringi zake zimeumia hata kama leo inawaka vizuri. Lililozama katika mafuriko ya masika nalo usitoe kwake nyaya wala kompyuta. Mabati na vioo vyake havina neno.

Nitajuaje gari langu ni la familia gani?

Fungua boneti, utazame ukuta wa chuma kati ya moteri na abiria. Hapo pana kibati chenye modeli, nambari ya fremu, aina ya moteri, rangi na bwate. Herufi za mwanzo za modeli ndizo unazozitaka. Katika AE100, herufi A ni ukoo wa moteri, E ni Corolla, na nambari ni kizazi. Kwa hiyo:

EE101 ina 4E-FE ya cc 1,331. AE100 ina 5A-FE ya cc 1,498. AE101 ina 4A-FE ya cc 1,587, au ndugu yake wa mbio 4A-GE. Zinazoanza na CE ni dizeli. Kwenye kizazi cha E110 utakuta EE111, AE110 na AE111 kwa mpangilio uleule. Starlet ni EP82 na EP91, P ikiwa ni jina la ukoo wa Starlet.

Maandishi ya nyuma ya buti usiyategemee, yanabanduliwa na kubandikwa. Na kibati chenyewe kinakuambia gari lilizaliwa na nini tu. Gari ambalo limekula miaka ishirini barabarani huenda limekwisha badilishiwa moteri mara moja au mbili, kwa hiyo soma pia nambari iliyogongwa kwenye bloku.

Fundi anasema "inaingia tu, papa, haina matata." Nimwamini?

Mwamini kwamba inaingia. Hilo analijua kwa mikono yake. Swali lako wewe ni kama itakaa, na kama itafanya kazi yake baada ya mwezi mmoja wa mashimo. Kardani, ule mti unaozungusha gurudumu, inaweza kuingia huku meno yake yakiwa machache kuliko yale ya habu. Amotiseri inaweza kuingia huku ikiwa fupi, na gari likagonga chini kila tuta. Diski ya ambreyaji inaweza kuingia ikiwa na kipenyo kidogo, ikateleza siku ya kwanza utakayopakia watu watano kwenda Kipushi.

Njia ya kumaliza ubishi ni nambari ya kipuri. Toyota huandika nambari ya tarakimu kumi, tano za mbele na tano za nyuma. Tano za mbele zinasema ni kitu gani: 28100 ni demareri, 27060 ni alteneta, 31250 ni diski ya ambreyaji, 43512 ni diski ya breki ya mbele, 04465 ni pedi za mbele, 89661 ni kompyuta ya moteri. Tano za nyuma zinasema ni ya gari gani au toleo gani. Zikifanana zote kumi, funga bila wasiwasi. Zikifanana za mbele tu, umepata kipuri cha aina ileile kisicho lazima kiwe chako, na hapo unatoa futi: pima urefu, kipenyo, umbali wa matundu, hesabu meno. Fundi mzuri hakasiriki ukihesabu meno mbele yake.

Vipuri gani vinabadilishana kati ya E100 na E110?

Vingi vya chini. E110 ilijengwa juu ya msingi wa E100, kwa hiyo amotiseri, mikono ya chini, rotili (boljointi), habu na breki za modeli za kawaida mara nyingi zinahama bila ubishi, ukilinganisha zenye moteri sawa. Sprinter ni Corolla ileile kwa chini, lakini taa, boneti na mgongo wake ni vya kwake, usivinunue kwa macho.

Onyo moja hapa: baadhi ya modeli za mbio, Corolla Levin na Sprinter Trueno za AE101 na AE111, zilitoka na mfumo wa mbele uitwao Super Strut. Amotiseri na viungo vyake havichanganyiki na vya kawaida. Ukiona mkono wa chini umegawanyika vipande viwili, ujue ndio huo.

Rimu ni rahisi. Corolla hizi, Starlet na Vitz ya kwanza zina matundu manne kwenye duara la milimita 100, tundu la katikati 54.1, na nati za milimita 12 zenye uzi wa 1.5. Rimu ya Golf ya zamani au Honda nayo inaweza kuwa na matundu manne ya 100, lakini katikati ni pana zaidi, 57.1 kwa Golf na 56.1 kwa Honda. Itafunga, kisha usukani utatetemeka ukifika kasi ya njia ya Likasi, kwa sababu rimu imeshikwa na nati peke yake badala ya kukaa juu ya habu. Dawa ni pete ya katikati ya kipimo sahihi.

Moteri yangu ya 1.3 imechoka. Naweza kuweka 1.5 au 1.6?

Kwanza tuelewane kwa nini watu wa hapa wanalitaka hilo kuliko watu wa pwani. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Hewa ni nyembamba, na moteri isiyo na tabo (turbo) inapoteza karibu thumuni ya nguvu zake kabla hujakanyaga mafuta. Moteri ya 1.5 hapa inavuta hewa ambayo moteri ya 1.3 ingevuta Moanda, kando ya bahari. Kwa hiyo mwenye EE101 anayelalamika kwamba gari halipandi si mvivu wa kubadilisha vitesi, analalamika kwa haki.

Sasa jibu. Kama gari lako ni AE100 lenye 5A-FE, kuweka 4A-FE ni kazi ya kawaida. Moteri hizi mbili zina mwendo wa pistoni uleule, milimita 77. Tofauti ni upana wa silinda, 78.7 kwa 5A na 81 kwa 4A. Kwa nje zinalingana: supoti, bwate na bomba la moshi vinakubali. Chukua kompyuta ya 4A pamoja na sindano zake za mafuta, usiache ya 5A ikilisha silinda kubwa kwa kipimo cha ndogo.

Kama gari lako ni EE101 lenye 4E-FE, habari inabadilika. Ganda ni lilelile, lakini ukoo wa E na ukoo wa A haushirikiani uso wa bwate. Utahitaji moteri, bwate, kardani zote mbili, supoti, radiateri na mabomba yake, nyaya za moteri na kompyuta, vyote kutoka AE moja. Hapo ndipo gari zima la kuchinja linapojilipa. Fundi akikuambia atatoboa bwate ya 4E ili ishike 4A, mpe mkono, umshukuru, utafute mwingine.

Chaguo ambalo watu hulidharau: 4E-FE nyingine iliyo nzima. Inaingia kwa siku moja, haigusi nyaya, na kwa teksi ya mjini inayotembea kwenye foleni kutwa, 1.3 yenye kompresheni nzuri inashinda 1.6 iliyofungwa kwa waya za kuungaunga. Mimi ningeanza hapo.

Na 7A-FE ya cc 1,762?

Inavuta vizuri kuanzia mizunguko midogo, na kwa mtu anayebeba mizigo hilo ni jambo kubwa. Silinda zake zina upana wa 4A, lakini mwendo wa pistoni ni milimita 85.5, kwa hiyo bloku yake ni ndefu kidogo kwenda juu. Mkanda wa taimingi ni wa kwake, na bomba la moshi na baadhi ya braketi vitahitaji marekebisho. Uwe macho na 7A zilizotoka kwenye Carina, Corona na Caldina za Japani: nyingi ni za mfumo wa kuchoma mchanganyiko mwepesi wa mafuta, zinazotaka kompyuta yao na sensa zao wenyewe. Bila hivyo utapata gari linalokohoa na fundi anayelaumu mafuta ya kituo.

Moteri iko chini uwanjani, haiwezi kuwashwa. Nitaipimaje?

Itazame kabla ya kuigusa. Matundu ya hewa na ya bujie (plagi) yaliachwa wazi? Vumbi jekundu la kiangazi likiingia kwenye silinda linakwangua kuta kama msasa, na mvua ya Desemba inaleta kutu juu ya pistoni. Fungua kifuniko cha oili: utando mweupe wenye povu ni dalili ya maji kukutana na oili. Zungusha kwa spana kwenye puli ya mbele, mizunguko miwili kamili, usikie kama kuna mahali inakwama.

Kisha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Ifunge kwenye bwate yake, pamoja na demareri na betri yenye nguvu, toa bujie zote nne, fungua kipepeo cha hewa hadi mwisho. Kwa 4A-FE kipimo cha kiwandani ni kilo 13 hivi kwa sentimita ya mraba, cha chini kinachokubalika ni 10, na silinda zisipishane zaidi ya 1. Sasa zingatia: vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wetu moteri nzima kabisa itaonyesha kama 11.3, na hilo halina ubaya. Nimesikia wauzaji wakipunguziwa bei kwa haki na bila haki kwa ajili ya jambo hili. Unachokitafuta zaidi ni usawa. Silinda nne zenye 10.8, 11, 10.9 na 11 ni moteri ya kununua. Zenye 11.5, 11.4, 7 na 11.3 zina ugonjwa.

Silinda iliyo chini, tia kijiko cha oili kupitia tundu la bujie upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi ya kulasi.

Lazima nichukue kompyuta na nyaya?

Ndiyo. Kompyuta ya Corolla hizi iko ndani, chini ya dashibodi, na wauzaji huing'oa kwanza kwa sababu ni ndogo na inauzika. Idai kabla hujalipa. Kompyuta ya gari la otomatiki na ya manyueli si moja, ile ya otomatiki inasubiri habari kutoka kwenye bwate.

Nyaya usizikate. Zivute zote kuanzia kwenye kompyuta hadi kwenye sensa ya mwisho, ukifungua klipu moja baada ya nyingine, na ubandike utepe wenye jina kwenye kila soketi. Ni kazi ya nusu siku inayookoa wiki.

Moteri mpya inawaka, lakini taa ya moteri haizimi. Nitajuaje shida bila mashine?

Kwa kipande cha waya. Magari ya Japani ya miaka hiyo hayana soketi ya kisasa ya uchunguzi, ila chini ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake tafuta tundu la TE1 na la E1, michoro iko kwenye kifuniko. Moteri ikiwa imezimwa, unganisha matundu hayo mawili kwa waya, washa swichi bila kupiga demareri, hesabu taa inavyopepesa kwenye dashibodi. Ikipepesa harakaharaka bila kusita, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikasita, mara mbili tena, hiyo ni 22.

Zinazojitokeza sana baada ya kuhamisha moteri ni hizi. 12 na 14 ni ishara za mzunguko na za kuwasha, kwa hiyo tazama delko (distributa) na soketi zake. 22 ni sensa ya joto la maji. 31 ni sensa ya mgandamizo wa hewa, na mara nyingi kosa ni kampira kadogo kalikotoka au kupasuka. 41 ni sensa ya kipepeo cha hewa. Ukirekebisha, toa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika, kumbukumbu inafutika.

Hiyo 22 nataka kuisemea. Sensa ya joto ni ndogo, ina soketi ya kijani mara nyingi, na inavunjika moteri inaponyanyuliwa kwa mnyororo. Ikifa, kompyuta haijui moteri iko baridi au moto. Jambo hilohilo linatokea fundi akitoa themostati "ili gari lisichemke." Themostati ya moteri hizi inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, asubuhi ya Juni au Julai, baridi ya Lubumbashi ikiwa chini ya nyuzi kumi, maji hayapati joto hadi ufike mjini, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta ya ziada, oili inachanganyika na petroli, na wewe unalaumu moteri ya okazio. Gari likichemka, tafuta kinachochemsha: radiateri iliyoziba, feni isiyozunguka, kifuniko kisichoshika, hewa iliyobaki kwenye mfumo.

Nataka kutoa bwate ya otomatiki niweke manyueli.

Inafanyika, tena inafanyika sana, kwa sababu otomatiki iliyochoka ina gharama. Chukua kutoka kwenye gari la manyueli: bwate, gurudumu zito la nyuma ya moteri na boliti zake (za otomatiki hazifai urefu), ambreyaji kamili, pedali zote, silinda mbili za ambreyaji na bomba lake, kebo za gia na mti wake, kardani, supoti ya upande wa bwate, na kompyuta. Diski ya ambreyaji nunua mpya. Bwate ikiwa chini ndiyo nafasi yako, hutaki kuishusha tena baada ya miezi mitatu.

Kinachowakwamisha wengi ni kwamba demareri haipigi. Gari la otomatiki lina swichi inayozuia kuwasha mpaka uwe kwenye P au N. Bwate ikiondoka, swichi imeondoka, na waya wake lazima uunganishwe ili umeme upite. Baada ya hapo hakuna kitakachokuzuia kuwasha gari likiwa kwenye gia, wafundishe na vijana wa nyumbani.

Breki kubwa zaidi kutoka modeli za 4A-GE?

Za mbele, ndiyo, ukichukua diski, kalipa, kiungo kinachoshika habu na mipira pamoja. Hakikisha rimu ni ya inchi 14 au zaidi, ya 13 itagusa kalipa. Masta silinda ya 1.3 inaweza kukupa pedali ndefu, basi chukua na ya kwao.

Diski za nyuma ni habari nyingine. Gari la ngoma lina valvu inayogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma kwa kipimo cha ngoma. Ukiweka diski nyuma ukaiacha valvu ileile, magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga kabla ya yale ya mbele, na kwenye lami yenye maji ya Januari gari litageuka kukutazama ulikotoka. Hama na valvu yake, au ubaki na ngoma zilizosafishwa na kurekebishwa vizuri. Ngoma nzuri zinatosha kwa Corolla.

Gari langu ni la usukani wa kulia. Naweza kuchukua vipuri vya gari la usukani wa kushoto?

Moteri, bwate, amotiseri, habu na rimu havijali upande. Vinavyojali ni kremayeri (stering raki) ya usukani, mti wa usukani, dashibodi na nyaya zake, masta silinda na mabomba yake, waipa na taa za mbele.

Taa watu huzipuuza. Gari la Japani limetengenezwa kwa barabara za kushoto, kama za Zambia na Tanzania, kwa hiyo mwanga wake wa chini unapanda upande wa kushoto kuangaza ukingo wa njia. Sisi tunapita kulia. Mwanga ule unaingia moja kwa moja machoni mwa anayekuja mbele yako. Taa za gari la Ulaya zingetibu hilo, ila E110 ya Ulaya ya kwanza ina macho ya mviringo na ya Japani haina, hazibadilishani. Kama hupati za umbo lako, angalau zishushe.

Kuhamisha usukani wote kutoka kulia kwenda kushoto kwa kuchomelea, mimi sishauri. Kama umepata gari la kushoto lenye ganda zuri na moteri mbovu, geuza mpango: moteri yako iende kwenye ganda lile.

Vitu gani nisitoe kamwe kwenye gari la kuchinja?

Mipira ya breki, pedi, mkanda wa taimingi, sili za oili, gasketi ya kulasi, rotili zilizolegea, na mikanda ya usalama ya gari lililogongwa, kwani imekwisha vutika mara moja. Mkanda wa taimingi, mpya, kila moteri inayoingia, hata muuzaji aape. Kwa bahati 4A-FE ya kawaida mkanda ukikatika pistoni hazigongi valvu, lakini utasimama, na unaweza kusimama usiku kabla ya Kasumbalesa.

Eabegi je?

Iache kwenye gari lake. Ina baruti ndani, na hujui historia yake. Kama unafungua usukani wenye eabegi kwa ajili ya kazi nyingine, toa waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90. Soketi za njano usizipime kwa taa ya majaribio.

Nina Vitz au IST, si Corolla.

Mantiki ni ileile, umeme ni mwingi zaidi. IST ya 1.3 ina 2NZ-FE, ya 1.5 ina 1NZ-FE, ni ukoo mmoja na zinahama vizuri pamoja na kompyuta. Zina mnyororo badala ya mkanda, kwa hiyo sikiliza mlio wa asubuhi na uulize kama inakula oili. Gari la Ulaya, Yaris kwa mfano, linaweza kuwa na ulinzi wa ufunguo: hapo kompyuta, kiboksi cha ulinzi na ufunguo vinakwenda pamoja, la sivyo utakuwa na moteri nzuri iliyonyamaza.

Starlet yangu, niweke 4E-FTE yenye tabo?

Kama una breki, radiateri na mafuta ya kuilisha, ndiyo. Wengi wanaouliza wana tabo tu.

Karatasi?

Nambari ya chasisi ndiyo gari. Usikate kibati wala kipande chenye nambari kuhamishia kwenye ganda jingine, hata kama mtu anakuambia kila mtu hufanya hivyo. Kwa moteri au nusu gari, dai hati ya mauzo yenye majina, tarehe, nambari ya moteri na ya chasisi lilikotoka, na kama imevuka mpaka, karatasi za forodha. Moteri ya bei ya ajabu isiyo na karatasi ina mwenyewe mahali fulani. Kabla ya kuifunga, uliza ofisi iliyoandikisha gari lako wanataka nini, kisha weka nakala ndani ya gari.

Nikubaliane vipi na fundi?

Kwa kazi nzima, si kwa siku. Andikeni: kutoa, kufunga, nyaya, maji, oili, majaribio ya barabarani, na gari kurudishwa bila taa ya moteri kuwaka. Mlipe kwa awamu tatu, moteri ikiingia, ikiwaka, na baada ya wiki ya kutembea. Vipuri nunua wewe au mwende wote, na vya zamani vyote virudi kwako ndani ya gunia, hadi boliti. Oili ya kwanza ibadilishwe mapema, kwenye kilomita 500 hivi, na mkazie nati za magurudumu na supoti siku hiyohiyo.

Na gari la kuchinja lisiondoke uwani mpaka lako litembee.